Kiingereza Chepesi Hupimwa kwa Msomaji

"Take two tablets by mouth twice daily." Sentensi hii ni ya aina inayobandikwa kwenye chupa za dawa kila siku. Ina maneno saba, na hakuna hata moja lililo gumu: meza vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Annals of Internal Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 395 waliopewa maelekezo ya namna hiyo wayasome. Miongoni mwa wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, watu 71 hivi katika kila 100 walieleza sawasawa sentensi hiyo inasema nini. Kisha wakaombwa waonyeshe ni vidonge vingapi wangemeza kwa siku nzima. Walioweza walikuwa 35 hivi katika kila 100.

Maneno yaliwafikia, lakini hayakuwasaidia kutenda. Sentensi iliwaachia kazi ya kuzidisha viwili kwa mbili, na ya kukisia hizo mara mbili ni saa ngapi na saa ngapi. Aliyeiandika angeweza kuwafanyia kazi hiyo: "Take 2 tablets in the morning and 2 tablets in the evening." Sasa maneno yamekuwa 12. Sentensi imerefuka, na bado imekuwa nyepesi zaidi.

Naanza na mfano huu kwa sababu wengi wetu tunaoandika Kiingereza kazini au masomoni tumefundishwa kwamba kuandika kwa uwazi ni kutumia maneno mafupi katika sentensi fupi. Ushauri huo una faida, ila umeshika kipande kimoja tu cha jambo kubwa. Nashikilia kwamba uwazi hupimwa mahali pamoja: katika kile ambacho msomaji anaweza kukifanya akishamaliza kusoma. Kanuni nyingine zote, pamoja na hizo za ufupi, ni njia za kufika hapo, na zipo siku ambapo kanuni hukupeleka kwingine kabisa.

Uzito ulikotoka

Kiingereza kina mvuto wa pekee wa kumfanya mwandishi aandike kwa uzito, na mvuto huo una historia. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza. Kwa vizazi kadhaa watawala walizungumza Kifaransa, kanisa na wasomi wakaandika Kilatini, na watu wa kawaida wakabaki na Kiingereza chao. Lugha hizo zilipochanganyika, Kiingereza kikabaki na jozi nyingi za maneno yenye maana karibu moja na hadhi tofauti: "begin" na "commence", "end" na "terminate", "buy" na "purchase", "ask" na "enquire". La kwanza katika kila jozi ni la nyumbani, la pili limeingia na wakubwa. Mwaka 1362 sheria ilipitishwa Uingereza kutaka kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walishtakiwa na kuhukumiwa bila kuelewa kinachosemwa juu yao. Hata hivyo wanasheria hawakuyaacha maneno yao ya zamani. Mpaka leo wosia huitwa "will and testament", neno la Kiingereza cha kale likiwa bega kwa bega na neno la Kilatini, na yote mawili yakisema kitu kilekile.

Kwa hiyo anayeandika "commence" badala ya "begin" haongezi maana yoyote. Anachoongeza ni cheo. Ndiyo maana kumwambia mtu aandike kwa wepesi humgusa mahali penye maumivu: anahisi anaambiwa avue nguo rasmi mbele ya wageni. Wanaohisi hivyo zaidi ni watu waliokipata Kiingereza kwa jasho, darasani, na ambao kila neno refu kwao ni ushahidi kwamba walisoma. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini msomaji hakuja kukagua vyeti vya mwandishi.

Waliopigana na uzito huo hawakuwa watu wa elimu ndogo. Tarehe 9 Agosti 1940, vita vya angani dhidi ya Ujerumani vikiwa vimepamba moto, Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, aliwaandikia watumishi wa serikali yake waraka kuhusu ufupi. Alitaka ripoti zitaje hoja kuu katika aya fupi, na takwimu na maelezo marefu yahamie kwenye kiambatisho. Mwaka 1948 Ernest Gowers, mtumishi wa umma mstaafu, alichapisha kitabu kidogo alichoombwa na Hazina ya Uingereza ili kuwafunza maofisa namna ya kuwaandikia wananchi. Mwaka 1979 Chrissie Maher, mwanamke wa Liverpool aliyejifunza kusoma akiwa tayari kijana, alisimama karibu na Bunge mjini London akachana fomu za serikali mbele ya watu, na hapo ikaanza kampeni ya Plain English, yaani Kiingereza chepesi. Huko Marekani Rais Barack Obama alitia saini tarehe 13 Oktoba 2010 sheria inayozitaka idara za serikali kuu kuwaandikia wananchi kwa lugha inayoeleweka. Sheria hiyo yenyewe inasema kwamba mwananchi hawezi kwenda mahakamani kudai itekelezwe, jambo ambalo naliona kuwa udhaifu mkubwa.

Mwaka 2023 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 24495-1 kuhusu lugha nyepesi. Kiwango hicho kinataka msomaji apate anachohitaji, akione kwa urahisi, akielewe, na aweze kukitumia. Tazama kwamba kuelewa maneno ni jambo moja tu kati ya manne. Mtu anaweza kuandika kurasa tano za Kiingereza safi kabisa, akaweka tarehe ya mwisho ya kulipa kwenye ukurasa wa nne, na msomaji asiione kamwe.

Nani anafanya nini

Nikiambiwa nichague kasoro moja ya kuiondoa katika maandishi yote ya kiofisi, nitachagua hii: sentensi isiyo na mtendaji. "The application will be reviewed and a decision will be communicated." Ombi litapitiwa, uamuzi utatolewa. Nani atapitia? Lini? Mwombaji atajuaje, kwa simu au kwa barua? Hakuna neno gumu hapa, lakini mwombaji anaondoka mikono mitupu. Linganisha na hii: "We will read your application and write to you by 30 June." Ndani yake wamo watu wawili, "we" na "you", kuna vitendo viwili, na kuna tarehe. Mwombaji anajua akae akisubiri mpaka lini na siku gani aanze kulalamika. Na pengine ndiyo sababu sentensi ya kwanza hupendwa na ofisi: haimfungi mtu.

Walimu wengi hulaumu kauli ya kutendwa, na kuna programu za kompyuta zinazoipigia mstari kila inapotokea. Nadhani wanalenga pasipo. "The bridge was built in 1932" ni sentensi nzuri kwa msomaji anayetaka kujua umri wa daraja, na kumtaja mkandarasi kungemsumbua bure. Kosa huja pale mtendaji anapofichwa ilhali msomaji anamhitaji. Swali la kujiuliza ni jepesi: je, msomaji wangu ana sababu ya kutaka kujua ni nani? Kama anayo, mtaje.

Ndugu wa kasoro hii ni kugeuza vitenzi kuwa nomino. "We decided" inakuwa "a decision was made", "we will investigate" inakuwa "an investigation will be conducted". Kitendo kimegandishwa kikawa kitu, kisha kitenzi dhaifu kimekodiwa ili kikibebe. Sentensi moja ya namna hii haina madhara. Zikirundikana kumi, msomaji anakuwa na vitu vingi vinavyoelea na hakuna mtu anayeonekana akifanya chochote. Njia ya kuzitibu ni kupitia rasimu ukitafuta maneno yanayoishia na "-tion", "-ment" na "-ance", na katika kila moja ujiulize kama ndani yake amelala mtu anayetenda. Mara nyingi yumo.

Neno jingine linalostahili kutazamwa ni "shall". Katika mikataba na sheria za Kiingereza limetumika kumaanisha wajibu, wakati ujao, ahadi, na hata ruhusa, mara nyingine ndani ya waraka mmoja. Marekani walipoziandika upya kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho, toleo lililoanza kutumika Desemba 2007, waliliondoa, na penye wajibu mara nyingi wakaweka "must". Anayeandika kwa ajili ya watu wa kawaida hapotezi chochote akifanya vilevile.

Fupi inapokuwa ngumu

Tuje kwenye urefu wa sentensi, kwa kuwa hapo ndipo ushauri hutolewa kwa wingi. Tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, inawaambia waandishi wake wakague sentensi yoyote inayozidi maneno 25 waone kama inaweza kuvunjwa. Kiwango cha Kiingereza cha mafundi wa ndege, kinachoitwa ASD-STE100, kinaweka kikomo cha maneno 20 kwa sentensi ya maelekezo na 25 kwa sentensi ya maelezo. Vikomo hivi vina msingi: anayesoma sentensi ndefu hulazimika kubeba mwanzo wake kichwani mpaka akutane na kitenzi kinachoupa maana, na fundi aliyeshika bisibisi mkononi hana nafasi ya mzigo huo.

Lakini sentensi zikikatwakatwa ovyo, kinachodondoka kwanza ni viunganishi. "The office is closed. You must apply online. Some people can apply by post." Sentensi tatu fupi, na msomaji hajui ya pili inatokana na ya kwanza au la, wala kama yeye ni miongoni mwa hao "some people". "Because the office is closed, you must apply online, unless you are over 70" ni sentensi moja ndefu inayomaliza kazi. Maneno kama "because", "unless" na "although" ndiyo yanayobeba hoja. Nayatetea kwa nguvu, kwa sababu ndiyo ya kwanza kufutwa na mhariri mwenye haraka.

Kuhusu maneno mafupi, hapa pana jambo ambalo wazawa wa Kiingereza hawalioni kwa urahisi. Mwaka 1946 George Orwell, katika insha yake kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alishauri kutotumia neno refu pale ambapo fupi linatosha. Kwa msomaji aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, huo ni ushauri mzuri. Lakini Kiingereza kina vitenzi vinavyoundwa kwa vijineno viwili au vitatu, kama "put off", "put up with", "turn down" na "make up for". Kila kijineno kinafahamika kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ila vikikaa pamoja vinazaa maana isiyokisika. "Put off" ni kuahirisha, au kumkatisha mtu hamu. Aliyejifunza Kiingereza vitabuni huenda alikutana na "postpone" mapema zaidi, na msomaji wa Kifaransa, Kihispania au Kireno ana neno la ukoo na "tolerate", yaani "put up with", katika lugha yake mwenyewe. Kwa hadhira ya namna hiyo neno refu la asili ya Kilatini ndilo jepesi. Vivyo hivyo kwa methali na misemo ya michezo: "a ballpark figure" imetoka kwenye besiboli, na asiyeujua mchezo huo atashindwa kukisia kwamba maana yake ni makadirio. Andika "an estimate".

Wala wazawa wenyewe hawasemi lugha moja. Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, anaeleza jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa ukali kuhusu "kuiweka mezani" hoja fulani, yaani "to table" kwa Kiingereza, kisha wakagundua kwamba pande zote mbili zilitaka jambo lilelile. Kwa Waingereza kauli hiyo ilimaanisha kulijadili mara moja, kwa Wamarekani kuliahirisha. Tarehe nazo zina mtego huohuo: 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani. Usipomjua msomaji wako, andika jina la mwezi kwa herufi.

Istilahi iliyohitajika

Upo pia upande wa pili, na huu unauma. Usiku wa tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Colombia ilikuwa ikizunguka angani ikisubiri kutua New York katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa imesubirishwa kwa zaidi ya saa moja. Rubani msaidizi aliwaambia waongoza ndege, kwa Kiingereza ambacho mtoto angekielewa: "We're running out of fuel." Mafuta yanatuishia. Awali marubani wa ndege hiyo walikuwa wameomba kipaumbele. Neno ambalo hawakulitumia ni "emergency". Kwa waongoza ndege neno hilo ni istilahi yenye utaratibu wake: likitamkwa, ndege nyingine zote husogezwa kando. Bila neno hilo, ndege hiyo ilibaki kwenye foleni pamoja na nyingine. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka Long Island, na kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa.

Wapo wanaodhani kwamba kupinga maneno ya kitaalamu popote yalipo ndiyo kazi ya Kiingereza chepesi. Ajali ile inaonyesha kwamba istilahi, mbele ya watu wanaoishiriki, ndiyo lugha nyepesi kuliko zote, kwa kuwa ina maana moja na hatua moja. Daktari anayemwandikia daktari mwenzake "myocardial infarction" anaandika kwa uwazi. Akimwandikia mgonjwa aseme "heart attack". Akiandika barua moja itakayosomwa na wote wawili, aweke jina la kawaida kwanza, alieleze, kisha alitaje la kitaalamu, kwa sababu mgonjwa atakutana nalo kwenye majalada yake na lisimtie hofu.

Je, kompyuta haiwezi kutupimia? Mwaka 1948 Rudolf Flesch alitunga kanuni ya kupima urahisi wa maandishi ya Kiingereza. Unaanza na 206.835, unatoa wastani wa maneno kwa sentensi uliozidishwa kwa 1.015, kisha unatoa wastani wa silabi kwa neno uliozidishwa kwa 84.6. Kadiri jibu linavyokuwa kubwa ndivyo maandishi yanavyohesabiwa kuwa rahisi. Mwaka 1975 J. Peter Kincaid na wenzake waliirekebisha kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani ili itoe jibu kwa madarasa ya shule, na matoleo hayo mawili yamo ndani ya programu nyingi za kuandikia hadi leo.

Nimeipiga hesabu hiyo kwenye maelekezo ya dawa tuliyoanza nayo. "Take two tablets by mouth twice daily" inapata 91 hivi, daraja la maandishi rahisi sana. Ile iliyotaja asubuhi na jioni inapata kama 82. Kwa macho ya kanuni, sentensi iliyomsaidia mgonjwa ni ngumu kuliko ile iliyomwacha akihangaika. Tena, ukiyachanganya maneno ya sentensi yoyote ovyo hadi isiwe na maana, alama zake hazibadiliki, kwa kuwa kanuni inahesabu tu. Mimi naitumia kama king'ora: alama zikishuka sana najua pana tatizo, lakini zikipanda sichukulii kwamba hakuna.

Kwa nini mwandishi mwenyewe haoni mahali anapompoteza msomaji? Mwaka 1990 Elizabeth Newton, katika utafiti wake wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, aliwataka watu wapige kwa vidole mezani mapigo ya nyimbo maarufu ili wasikilizaji wazitambue. Zilipigwa nyimbo 120. Wapigaji walitabiri kwamba nusu zingetambuliwa. Zilizotambuliwa zilikuwa tatu. Mpigaji husikia wimbo mzima kichwani mwake, na hawezi kuuzima ili asikie kile anachosikia mwenzake: ngo, ngo, ngo juu ya ubao. Mwandishi anayejua jambo lake yuko katika hali hiyohiyo, na kujitahidi zaidi hakumtoi humo.

Kinachosaidia kidogo ni kumweka mtu halisi mbele ya macho. Mwaka 1998 tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, SEC, ilipotoa mwongozo wa kuandika taarifa za kampuni kwa Kiingereza chepesi, mwekezaji maarufu Warren Buffett aliandika katika utangulizi wake kwamba yeye huandika ripoti akiwafikiria dada zake wawili, Doris na Bertie: watu wenye akili nyingi wasio wataalamu wa uhasibu. Chaguo hilo ni la busara kwa sababu linamzuia mwandishi kuporomoka upande wowote. Kwa dada yako huwezi kujigamba, wala huwezi kumsemesha kama mtoto.

Kinachosaidia zaidi ni kumpa mtu huyo karatasi yenyewe. Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo, kwa adabu au kwa aibu. Kama ni fomu, aijaze mbele yako nawe unyamaze. Kama ni barua, mwambie akueleze atafanya nini kesho asubuhi kutokana na alichokisoma. Kama ni maelekezo ya dawa, mpe kopo la vidonge ahesabu vya siku nzima. Angalia anaporudia mstari, anaporuka, anapouliza "hapa wanamaanisha mimi?" Weka alama penye kila kituo, wala usijitetee wala usimfafanulie, maana msomaji atakayeipokea barua hiyo hatakuwa na wewe pembeni. Kisha rekebisha zile sehemu, mtafute mtu mwingine ambaye hajaiona, na umpe naye asome.